Wenzo wa Mzee Jouko

Bibi Lempi Kauranen anadai alimwona kwa macho yake mawili, na macho hayo, ingawa yamekula chumvi nyingi, hayajamdanganya tangu yaanze kazi.

Ilikuwa Alhamisi, anasema. Anajua ilikuwa Alhamisi kwa sababu supu ya njegere ilikuwa motoni, na hapa Kuusilahti hakuna mwenye akili anayepika supu ya njegere Jumatano. Alikuwa anakoroga huku anatazama dirishani, ng'ambo ya uchochoro, kwenye jengo la zamani la zimamoto ambalo siku hizi ni la chama cha marubani wa mezani. Akamwona Jouko Sarvela anafungua mlango kwa ufunguo, anaingia. Akakoroga, akaonja, akaongeza chumvi. Jouko akatoka, koti limetuna ubavuni kama la mtu aliyeiba kuku. Akatazama kushoto, akatazama kulia, halafu akapita nyuma ya lundo la theluji badala ya kupita njia ya watu.

"Na mtu anayepita nyuma ya theluji wakati njia imefagiliwa," Bibi Lempi alimalizia, "huyo ana jambo. Andika hivyo."

Konstebo Riikka Vuolle akaandika hivyo.

"Alipoingia, Bibi, alianza na nini?"

"Alivua viatu. Ungetaka aingie navyo? Ni mtu aliyelelewa."

"Ulimwona akivivua?"

"Mlango ulikuwa wazi, naye aliinama pale pale. Tumbo lilimsumbua kidogo."

"Na Ijumaa asubuhi? Alirudi?"

"Ijumaa asubuhi niko bwawani na wazee wenzangu. Mtu hawezi kuulinda mtaa mzima akiwa na nguo za kuogelea."

Riikka akaongeza mstari mmoja chini ya maandishi yake: *alivua viatu*. Akashukuru kwa kahawa, akakataa andazi la pili la mdalasini, akalazimishwa, akalila amesimama.

Kwenye kizingiti cha chama naye akavua vyake.

Ukumbi yalikoegeshwa magari ya zimamoto enzi hizo sasa ulikuwa na viti sita vilivyopangwa mstari. Kila kiti kilikuwa na kompyuta yake, fimbo ya kurushia iliyosimama kati ya magoti, na wenzo wa mafuta upande wa kushoto. Ukutani palitundikwa picha ya ndege fupi, nene, yenye tumbo kama pipa, ile ambayo babu za watu wa hapa walipigana nayo vita, wakaipenda hadi wakaiita Lulu ya Angani. Ndege hiyo hiyo ndiyo waliyoirusha wanachama hawa kwenye mchezo, kila wiki, kwa bidii ya watu wanaojenga kanisa.

Mwenyekiti Torsti Hietamies alimpokea kifua mbele.

"Kabla hujaketi, Konstebo, ujue umeingia kwa nani. Misimu mitatu mfululizo tumewapiga Waswidi. Si kwa bahati. Kwa mkono."

"Nimesikia."

"Kwa nani?"

"Kwa kila mtu. Mpaka kwa daktari wangu wa meno, nikiwa nimefungua kinywa, siwezi kumjibu."

Torsti akatabasamu kidogo, kisha akakumbuka msiba wake. Akaeleza. Kesho Jumapili walikuwa wanakutana na Waswidi tena. Jana jioni, mbele ya chama kizima, rubani wao wa kwanza, Taimi Orrela, aliketi kwa jaribio la mwisho. Akawasha injini, akasukuma wenzo wa mafuta mbele ili apae. Badala ya kwenda moja kwa moja, ndege ikalala kwa bawa la kushoto, ikakata misonobari kama shoka, ikawaka.

"Taimi haangushi ndege wakati wa kupaa," alisema Torsti. "Hata akiwa usingizini. Huu ni mkono wa mtu."

"Mkono wa nani?"

"Vuli iliyopita rubani wa kwanza alikuwa Jouko. Yeye ndiye aliyemfundisha Taimi. Tulipompa Taimi kiti, Jouko alimpongeza, akaenda nyumbani, akakaa mwezi mzima haongei na mtu. Sasa tunasikia ameonekana akiingia kwa siri. Tuna sheria moja hapa, Konstebo, kubwa kuliko zote: mpangilio wa mwenzio hauguswi. Kila mtu fimbo yake na wenzo wake ameupanga kwa mkono wake, kama kiatu kilichoshika umbo la mguu. Ukiugusa, umemvunja mkono."

"Mtamfanya nini?"

"Saa nane tunapiga kura. Ikipita, atarudisha ufunguo, na jina lake litafutwa pale."

Alionyesha ubao wa waasisi. Jina la Jouko Sarvela lilikuwa la kwanza juu.

"Mashine imeguswa tangu jana?"

"Nilitoa amri. Nimeifunika hata shuka."

Kweli, kiti cha mwisho kilikuwa kimefunikwa shuka la maua. Torsti akalivua kwa heshima, kama anayefunua maiti, akawasha kompyuta na kufungua ukurasa wa mpangilio.

"Tazama. Hapa, kwenye wenzo, panapaswa kuwa na mafuta ya injini. Pana nini? Kulaza mabawa, kushoto na kulia. Na fimbo nayo inalaza mabawa. Mabwana wawili wanamvuta farasi mmoja."

"Fimbo yenyewe imebadilishwa?"

"Hapana. Ya Taimi vile vile, kama alivyoiacha."

"Mtu ameingia kuharibu, akaharibu nusu?"

"Nusu imetosha kuiangusha ndege."

Riikka hakubisha. Alishika wenzo. Ulikuwa kazi ya mkono, si wa dukani: msingi wa chuma uliosuguliwa, kishikio cha mbao nyeupe kilichong'aa kwa jasho la viganja. Akausukuma mbele, akaurudisha. Ukateleza bila kukwama popote. Akainama, akaunusa.

"Unanusa wenzo?" Torsti aliuliza.

"Spiriti," alisema Riikka.

Akapiga magoti, akamulika tochi nyuma ya kasha la kompyuta. Vumbi la majira mengi lilikuwa limelala huko kama sufu. Waya wa wenzo ulikuwa umechomekwa kwenye tundu ambalo vumbi lake lilikuwa limeburuzwa kwa kidole, likaacha michirizi. Tundu la jirani lilikuwa tupu, na lilikuwa safi kama sahani.

Alikaa pale chini muda mrefu kidogo kuliko Torsti alivyopenda.

"Umepata kitu?"

"Nimepata vumbi. Niitie Taimi."

Taimi Orrela alikuja na nywele mbichi, kipaji cha uso kimekunjwa. Alikuwa anasomea uuguzi, na alikuwa na namna ya kuketi wima iliyomfanya kila kiti kionekane cha rubani.

"Sijui chochote kuhusu haya," Riikka alimwambia. "Kaa kwenye kiti cha jirani kisicho na mwenyewe, unipangie kila kitu tangu mwanzo kana kwamba ni mpya. Polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Kama unayemfundisha polisi."

Taimi akacheka kidogo. Akaanza. Kwanza akaizungusha fimbo duara zima, ili mashine ijue mipaka yake ilipo. Halafu akaiacha isimame peke yake, mkono mbali kabisa.

"Ukiipima huku umeishika, itadhani katikati ni pale ulipoegemea. Utaruka umepinda maisha yako yote." Akafungua mstari kwenye skrini. "Hapa katikati naacha nafasi ndogo isiyosikia kitu, kidole kikitetemeka ndege isitetemeke. Kutoka hapo nakunja mstari: mwanzo uwe mpole, ili nilenge bila papara, mwisho uwe mkali, ili nikate kona adui asinione. Mstari huu ndio mimi. Mwingine akiurukia utamtupa."

"Nani alikufundisha kuukunja?"

"Mzee Jouko." Alilisema bila kupunguza sauti. "Yeye ni bora kuliko wote waliowahi kukaa hapa, na nimempita. Vyote viwili ni kweli."

"Na wenzo?"

"Wenzo ni rahisi. Nyuma ni kimya, mbele ni moto wote."

"Wako ulikuwa rahisi?"

Taimi akapapasa kishikio cha wenzo. Riikka akasubiri. Ni kazi aliyoiweza kuliko zote.

"Ulikuwa unaruka," Taimi alisema mwishowe. "Tangu mwezi wa kwanza. Naushika bila kuusogeza, injini inapanda na kushuka yenyewe, kama mtu mwenye kwikwi. Nikautafutia dawa kwenye mpangilio. Niliupunguzia usikivu mpaka karibu uwe kiziwi."

"Hukumwambia aliyeutengeneza?"

"Konstebo, ule wenzo Mzee Jouko aliuchonga kwa majira matatu ya baridi. Ungemwambia mtu mtoto wake ana kengeza?"

"Yeye huwa anakaa wapi mkifanya mazoezi?"

"Nyuma yangu. Anatazama mishale ya vipimo vya injini kwenye skrini, inavyopanda na kushuka." Taimi alipolisema hilo akageuza shingo, akakitazama kiti kilichokuwa nyuma yake.

"Sasa chomoa waya wa wenzo huu wa hapa," alisema Riikka, "uuchomeke tundu la jirani. Halafu paa."

"Hatuchomoi. Tukishachomeka, tumechomeka."

"Leo tuchomoe."

Taimi akainama, akafanya. Akawasha injini, akasukuma wenzo. Ndege ya kwenye skrini ikalala kwa bawa la kushoto, ikaingia misituni.

Torsti, aliyekuwa ndio kwanza ametokea mlangoni, alikuja taratibu kama mtu anayesogelea nyoka.

"Kompyuta imeudhani mgeni," alisema Taimi. "Imeupa kazi iliyotaka yenyewe."

"Hilo ni kosa la mwanafunzi!" Torsti alisema. "Wanafunzi ndio hufanya hivyo. Sisi hatufanyi."

"Ndiyo maana hamkuangalia," alisema Riikka. "Swali moja zaidi, Taimi. Kabla ya kupaa jana, wenzo haukuonyesha dalili?"

Taimi alianza kuviringisha waya wa vipokea sauti vya masikioni mkononi, mzunguko juu ya mzunguko.

"Tutaongea saa nane," alisema.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye sauna ya Jouko Sarvela, maana ilikuwa Jumamosi, siku ya kuoga mvuke. Mwenyewe alikuwa uani anapasua kuni, mzee mpana mwenye kofia ya manyoya, na kila gogo alilipasua kwa pigo moja.

"Karibu," alisema, "kama hukuja na pingu."

"Ziko garini. Alhamisi ulichukua nini pale chamani?"

"Kofia yangu."

"Kofia haitunishi koti kiasi kile."

"Hii ina masikio."

"Dirishani kwako naona chupa ya spiriti na mswaki."

"Nina meno."

"Yana grisi nyeusi kama kucha zako?"

Jouko akalichagua gogo jingine, akalisimamisha, akalipasua. Vipande vikaangukia huku na huku.

"Saa nane wanapiga kura, mzee," alisema Riikka. "Wataambiwa ulimharibia Taimi kwa kijicho."

"Waambiwe."

"Jina lako litafutwa."

"Nitafutwa nikiwa nimesimama."

"Wenzo ulikuwa unaruka."

Shoka likabaki hewani.

"Nani kasema?"

"Taimi. Aliniambia mimi tu, leo. Kwako aliona haya tangu mwezi wa kwanza."

Jouko akalishusha shoka polepole mpaka likagusa theluji.

"Nyenzo zangu haziruki," alisema.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Basi kiniumbue. Kijicho ni ugonjwa wa kila mtu, watanisamehe wakizeeka. Lakini nisimame mbele ya Torsti niseme kazi ya mkono wangu imeoza? Nilikuwa fundi mitambo miaka yangu yote ya kazi. Hakuna mashine iliyowahi kurudishwa kwangu. Hata moja."

"Kwa hiyo ulienda kuichukua mwenyewe kabla haijarudishwa."

Jouko akaipangusa pua kwa mgongo wa mkono.

"Uchafu ulikuwa umeingia ndani," alisema, kana kwamba anaziambia kuni. "Niliusafisha Alhamisi yote. Ijumaa asubuhi nikaurudisha. Unateleza kama siagi. Hilo hawatalisema."

"Uliuchomeka tundu gani?"

"Lile lile!"

"La pembeni yake."

"Lile lile, nimesema. Nililala kifudifudi, nikapapasa…" Akasita.

"Ukapapasa?"

"Kulikuwa na baridi nje. Miwani iliingia ukungu nilipoingia ndani."

Akaivua hiyo miwani, akaitazama kama rafiki aliyemsaliti. Riikka alisubiri mpaka alipoivaa tena.

"Njoo saa nane," alisema.

"Nitakuja. Nina ufunguo wa kurudisha."

Alikuja kwa wakati, amevaa shati jeupe, nywele amezilaza kwa maji. Alivua viatu, akaviweka sambamba, akapita katikati ya wanachama bila kumkwepa mtu, akauweka ufunguo mezani mbele ya mwenyekiti. Hakuketi.

Riikka hakutumia maneno mengi. Alisema mtu anayekuja kudhuru havui viatu mlangoni. Alisema anayetaka kumharibia rubani huenda kwenye fimbo, kwenye ule mstari uliokunjwa, na fimbo haikuguswa. Alisema wenzo ulitoka hapa mgonjwa, ukarudi mzima, unanuka spiriti, na kwamba aliyeurudisha alikosea tundu moja kwa sababu ya ukungu kwenye miwani. Kisha akainama, akachomoa waya, akauchomeka kwenye lile tundu safi, akamwashiria Taimi.

Taimi akaketi. Injini ikanguruma kwenye spika. Akasukuma wenzo, na Lulu ya Angani ikaenda moja kwa moja kama uzi uliovutwa, ikainua mkia, ikaiacha ardhi. Ngurumo yake haikupanda wala kushuka. Marubani wa Kuusilahti walisikiliza wameinamisha vichwa, kama wanaosikiliza kwaya, na mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Sikiliza huo mlio, jamani. Sikiliza huo."

Jouko alikuwa anatazama mishale ya injini. Haikutikisika hata kidogo. Kidevu chake kikapanda.

"Bado," alisema Torsti. "Kosa la tundu lingeonekana kwenye ukaguzi. Kabla ya kupaa tunazungusha fimbo na kusukuma wenzo, injini ikiwa imezimwa, tunatazama mabawa. Ndiyo kazi ya kwanza tunayofundisha. Taimi alikagua, na hakuona kitu. Vipi?"

Taimi alitua kwanza. Alizima injini, akasimama, akavigeukia viti vyote.

"Sikukagua," alisema. "Mlikuwa mnanitazama wote. Nilitaka mnione nikipaa kama mtu asiyehitaji kukagua. Ndege niliiangusha mimi."

Torsti alimtazama Taimi, akamtazama Jouko, akautazama ubao. Mwishowe akaikunja karatasi ya kura, akaitia mfukoni.

"Chama hiki," alisema, "hakimfukuzi mtu kwa ukungu wa miwani. Na hakimvui mtu kiti kwa kusema kweli. Kura imekufa."

Watu walianza kupiga makofi, lakini Jouko aliinua mkono mmoja na makofi yakakatika.

"Wenzo ulikuwa mbovu," alisema. Maneno yalimtoka kama misumari inayong'olewa. "Kazi yangu. Nimeutengeneza. Hayo tu."

Akageuka, akavaa viatu, akavaa koti. Alikuwa ameshafungua mlango Taimi alipomfuata na soksi zake mpaka kizingitini.

"Mzee Jouko."

Alisimama, mkono kwenye kitasa, amempa mgongo.

"Nilikuwa nimeupangia mpangilio wa kuficha kuruka kwake," alisema Taimi. "Sasa umepona, na mpangilio wangu ni wa mgonjwa. Nikisukuma kidogo hausikii, nikisukuma sana unawaka wote. Kesho saa sita Waswidi wako hewani. Ningeweza kuupanga peke yangu. Sitaki kuupanga peke yangu. Rudi ukae kiti cha pembeni, tuupange pamoja leo, na kesho utazame ukiwa ubavuni kwangu, si nyuma."

Jouko Sarvela hakugeuka, na hakutoka. Baridi ikamiminika ndani ya ukumbi, ikawafikia vifundo vya miguu, ikapanda kwenye magoti. Katika nchi hii hakuna anayeacha mlango wazi mwezi wa pili bila kukemewa na wote waliomo ndani. Hakuna aliyemwambia aufunge.